Kitabu cha matumbawe kwa watoto wasioijua bahari: uzoefu wangu

Nilikinunua Mwanjelwa mwezi wa sita, kwenye meza ya vitabu vya mtumba, baridi ikiwa imetukamata kwelikweli. Ni kitabu cha picha cha kurasa ngumu kuhusu matumbawe, yale yanayoonekana kama mawe ya rangi chini ya bahari, chenye vifuniko vya kufunua: ukiinua jani la mwani unamkuta pweza, ukiinua jiwe unamkuta mkunga, samaki mrefu kama nyoka, kaachama. Muuzaji alitaka 10,000, tukamalizana kwa 7,000. Wanangu wana miaka 4 na 6, na bahari hawajawahi kuiona. Kutoka hapa Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na nauli ya familia nzima haipatikani kirahisi.

Nianze na kilichonikera. Muuzaji aliniapia kwamba kurasa zote zipo, nilipofika nyumbani nikakuta ukurasa wa kasa umenyofolewa. Mnaonunua mtumba, hesabuni kurasa kabla ya kulipa.

Wiki ya kwanza kitabu hakikunisaidia kitu. Maandishi ni ya Kiingereza, nami nilikuwa nasoma huku natafsiri: huyu samaki nyota, huyu samaki kasuku, huyu tango la baharini. Watoto walifunua vifuniko vyote, siku ya tatu hamu ikawaisha, kitabu kikahamia chini ya kochi. Ndipo nikazipiga picha kurasa zote nikamtumia shemeji yangu anayeishi Kilindoni, kisiwani Mafia. Akanipigia hapohapo. "Shemeji, unawafundisha nini watoto? Huyo si samaki nyota, huyo ni kiti cha pweza. Huyo mwenye mdomo kama kasuku ni pono. Na hilo tango lako ni jongoo bahari."

Nilikata vipande vya utepe wa karatasi, nikaandika majina kwa kalamu nyeusi na kuyabandika juu ya yale ya Kiingereza: pono, kitatange, bunju, kangaja, jongoo bahari, kiti cha pweza. Tangu jioni ile kitabu kimekuwa kingine. Jongoo wanamjua, wanamwona akijikunja mlangoni mvua zikianza, kwa hiyo jongoo wa baharini hakuhitaji maelezo. Binti yangu alimfunua pweza, akaenda kukifunua kiti chake kurasa mbili mbele, akarudi kwa pweza, halafu akaniangalia. "Mama, mbona kiti kiko mbali? Akichoka je?" Hakuna kitabu kilichowahi kumfanya mtoto wangu aulize vile.

Ukurasa wa pono ndio unaopendwa zaidi. Pono hukwangua mwani kwenye matumbawe kwa meno yake magumu, na vipande vya tumbawe anavyomeza vinasagwa kooni na kutoka nyuma vikiwa mchanga mweupe. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa baadhi ya fukwe zenye matumbawe imetokana hivyo. Kaka mtu alilipeleka jambo hilo shuleni, mwalimu wake akaniuliza kama ni kweli, nikamwambia ni kweli kabisa.

Udhaifu mkubwa wa kitabu ni kwamba matumbawe yenyewe yamechorwa kama bustani ya maua. Mtoto anaondoka akidhani ni mimea. Tumbawe ni wanyama, maelfu ya vinyama vidogo vinavyoishi pamoja, kila kimoja na mdomo wake uliozungukwa na mikono midogo, na chini yake kinajijengea nyumba ya chokaa. Mwilini mwao unaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuchangia rangi zile tunazozisifia. Kitabu kina kifuniko kimoja tu cha usiku kinachoonyesha mikono hiyo imenyooshwa kukamata chakula. Sisi tunakaa pale muda mrefu kuliko kurasa nyingine zote.

Jambo jingine: kuna tumbawe jeupe pe limechorwa katikati ya yale ya rangi, kana kwamba ni pambo. Sikuliacha lipite. Niliwaambia hilo linaumwa, maji yamezidi joto, limemtoa mwani wake na sasa lina njaa. Nikawasimulia kwamba mwaka 1998 joto la aina hiyo liliipiga Bahari ya Hindi na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa. Mwanangu alikuwa amejifunika blanketi hadi shingoni. Akasema, "Basi waje Mbeya, huku baridi."

Ilinibidi nimweleze kwamba hawawezi, wanataka maji ya chumvi, ya uvuguvugu, masafi yanayopitisha jua. Hakukubali. Tulipokwenda Matema mwezi wa nane, aliingia ziwani hadi magotini akawa anainua jiwe moja baada ya jingine kutafuta tumbawe, kwani ndivyo kitabu kilivyomzoesha, kila jiwe lina mtu chini yake. Maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi, matumbawe hayamo. Lakini katikati ya mawe yale kulikuwa na visamaki vya buluu vinachomoka na kujificha, akanishika mkono kwa nguvu akasema, "Mama, usiongee."

Kwa watoto wa miaka 3 hadi 7 nakipa nyota 4 kati ya 5, kwa sharti ubandike majina ya Kiswahili kabla hujawapa. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya matumbawe yaliyogeuzwa maua, na kwa sababu vifuniko havidumu: vitatu vimeshang'oka, na cha pweza nimekishona kwa uzi wa magunia.