Vielelezo vinne vya sikio la ndani: mifereji safi sana, koklea ina kasoro

Nafundisha biolojia sekondari, na somo la sikio la ndani sasa nalifundisha kwa seti hii ya vielelezo vya plastiki: samaki, chura, ndege na mamalia. Inafaa kununuliwa. Ila kile kijitabu kinachokuja nayo usimpe mwanafunzi kabla hujakisoma mwenyewe.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni mifereji mitatu ya nusu duara, ile inayohisi kichwa kikigeuka, kwenye kielelezo cha mamalia. Plastiki yake inapenya mwanga, na ndani mna maji kweli. Kila mfereji umevimba mahali pamoja, na kwenye ule uvimbe pamewekwa kiwambo chembamba cha mpira. Zungusha kielelezo juu ya kitako chake: mfereji unakwenda, maji yanachelewa, kiwambo kinapinda kinyume cha mzunguko. Endelea kwa mwendo uleule, maji nayo yatashika kasi ya mfereji na kiwambo kitarudi wima. Sasa simamisha ghafla. Maji bado yanakwenda, na kiwambo kinapinda upande wa pili! Hapo huhitaji maneno mengi kueleza kwa nini mtoto aliyejizungusha kisha akasimama huona kila kitu bado kinazunguka. Ubongo wake unapelekewa habari za mzunguko ambao umeshakwisha. Na kwa kuwa kila mfereji umekaa karibu pembe mraba na mwenzake, hakuna namna ya kugeuza kichwa isiyogusa walau mmoja wao. Vipange vielelezo vyote vinne mezani, utaona mifereji hiyo mitatu ipo kwa kila mnyama.

Samaki naye ametengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Hana koklea, ule mrija wa sikio la ndani unaopokea sauti, na watengenezaji hawakumpachika ya uongo. Ana vifuko vyenye vijiwe vya kalsiamu kaboneti unavyoweza kuvitoa, na kimoja kimekatwa katikati kuonyesha zile pete ambazo wataalamu wa uvuvi huzihesabu kujua umri wa samaki. Wanafunzi huniuliza kijiwe kinasikiaje. Jibu ni kwamba mwili wa samaki una msongamano unaokaribiana na wa maji, kwa hiyo sauti ikipita humtikisa pamoja na maji yenyewe. Kijiwe ni kizito zaidi, hakiendi sawia na mwili, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayopinda vinyweleo vya seli zilizo chini yake. Ukikishika kijiwe kwa vidole na kukitelezesha juu ya ile zulia ya vinyweleo vya plastiki, hata mwanafunzi wa nyuma kabisa anaelewa.

Chura ni wa kawaida, rangi tupu bila cha kufungua. Ndege yuko sahihi: koklea yake ni mrija mfupi uliopinda kidogo tu, haujajisokota.

Kasoro imo kwenye koklea ya mamalia, tena mahali pabaya. Kwa nje inapendeza, mizunguko miwili na nusu hivi kama ya binadamu, na ukiinua kifuniko unaona seli za vinyweleo, zile zinazopokea sauti, zimepangwa sawasawa, safu moja ya ndani na tatu za nje. Lakini utando ambao seli hizo zimekalia umechorwa upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Sivyo ulivyo. Karibu na mlango ambapo mfupa wa kikuku, ule mdogo unaoingiza mtikisiko wa sauti, hugonga, utando ni mwembamba na mkakamavu. Ukielekea kileleni unapanuka na kulegea. Ndiyo maana sauti nyembamba hushikwa pale mwanzoni na sauti nzito husafiri hadi mwisho. Mwanafizikia Georg von Békésy alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuchunguza jinsi mawimbi yanavyosafiri kwenye utando huo. Ukiufanya wa upana mmoja umeondoa kiini cha somo: huwezi tena kuonyesha sikio linavyotenganisha sauti moja na nyingine. Mimi nimekata utepe wa karatasi unaopanuka taratibu nikaubandika juu yake. Nakushauri ufanye vivyo hivyo.

Kijitabu kimeniudhi zaidi. Kinasema seli za vinyweleo zikifa huota upya, basi, bila kutaja kwa nani. Kwa ndege, samaki na chura ni kweli. Kwa koklea ya mamalia aliyekomaa si kweli, na binadamu huzaliwa na takriban 15,000 tu kila sikio. Ninafundisha vijana wanaoshinda na spika za masikioni zimefunguliwa hadi mwisho. Sentensi ile inawaambia kwamba seli zinazouawa na kelele hiyo zitarudi zenyewe, na hazitarudi. Nimewaandikia watengenezaji wairekebishe. Kwa sasa naifuta kwa kalamu kwenye kila nakala.

Nyota nne kati ya tano, na ya tano naishikilia hadi kijitabu kibadilishwe. Kwa atakayenunua: jaza mifereji kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya bomba huacha mapovu ukutani, na povu moja likinasa kwenye kiwambo, hakipindi tena mpaka uyamwage maji yote na kuanza upya.