Kufuga kuku wa mayai nyumbani: vifaranga au mitemba?

Kifaranga wa siku moja bei yake ndogo, ila atakula miezi minne au mitano kabla hujaona yai. Wiki za mwanzo utakesha naye: wakijirundika chini ya taa wakilia, wana baridi, wakikimbilia pembeni huku wakihema midomo wazi, joto limezidi. Bado chanjo za mdondo, gumboro na ndui.

Mitemba (majike wachanga ambao hawajaanza kutaga) wa wiki 16 utawalipia zaidi, lakini muda si mrefu unaokota mayai. Dai kumbukumbu za chanjo, na tazama miguu: magamba magumu na kucha ndefu, hao ni wazee waliochoka kutaga.

Kwa kuku watano wa uani, ningechukua mitemba. Jogoo wa nini? Mayai yatatagwa bila yeye, na jirani atalala.