Nairobi Gallery kwa jicho la mwenye maumivu ya mgongo

Nina mwaka wa saba sasa nikiishi na maumivu ya mgongo, kwa hiyo Nairobi Gallery, jumba la maonyesho ya sanaa jijini Nairobi, naitathmini kama mgonjwa, si kama mjuzi wa sanaa.

Uzingativu, yaani kuituliza akili kwenye jambo lililopo bila kulihukumu, nilijifunza kwa kozi ya majuma 8 ya mtindo ulioanzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani. Tatizo langu ni kwamba nikifumba macho na kuupitia mwili kiungo kwa kiungo, nikifika kiunoni nanasa papo hapo. Ndipo nilipoamua kujaribu macho yakiwa wazi, nikitazama vitu vilivyomo Nairobi Gallery.

Jengo hilo la mwaka 1913, lililoko Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, lilikuwa ofisi ya serikali ya kikoloni ambamo vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa. Leo limehifadhi sehemu ya mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, na mkewe Sheila. Udogo wake ndio uliniridhisha zaidi, kwa kuwa vyumba vichache vinauzunguka ukumbi wenye kuba na mgonjwa haadhibiwi kwa mwendo mrefu.

Kila niendapo huchagua kitu kimoja tu cha kutazama. Mara ya kwanza kilikuwa kitambaa cha kufumwa: nilihesabu rangi zake, kisha nikaufuata mstari mmoja mpaka pale nakshi inapobadilika, na kila kiuno kiliponiita nilikiitikia kimoyomoyo, nikahamishia uzito mguu wa pili, nikaurudia mstari wangu. Maumivu hayakuondoka. Kilichopungua ni ile hofu ya kuyangoja yazidi, ambayo kwangu hukaza misuli na kuyachochea zaidi, na nafuu hiyo ilidumu hadi nilipofika nyumbani.

Honi za Uhuru Highway husikika, na ingawa mafunzo yanataka nizipokee kama sauti nyingine yoyote, kuna siku hunishinda kabisa. Asubuhi za katikati ya juma huwa nafuu. Asiyeweza kusimama dakika kumi aulize mlangoni kama anaruhusiwa kuingia na kigoda cha kukunja. Dawa zangu za jioni sijaziacha, na mwenye maumivu mapya amwone daktari kwanza.

Nimekwenda mara nne, na mapambo ya shanga bado sijayafikia.