Uzoefu wangu: Barua za Samuel Johnson kwa wachapaji na wachapishaji wake

Nilizitafuta juzuu hizi kwa ajili ya barua moja tu, ile ya Jumamosi tarehe 20 Januari 1759 aliyoandikiwa William Strahan. Mimi ni mhariri wa vitabu. Mwenzangu wa kazini alinisimulia kwamba Samuel Johnson, mhakiki aliyeheshimika kuliko wote Uingereza katika karne ya 18, aliwahi kuuza kitabu ambacho hakijakamilika kwa sababu mama yake alikuwa kitandani na yeye hana kitu mfukoni. Nikataka kuisoma barua yenyewe.

Toleo nililosoma ni lile liitwalo la Hyde, lililohaririwa na Bruce Redford na kutolewa na Princeton University Press kati ya 1992 na 1994. Ni juzuu tano. Kuzinunua sikuweza, kwa hiyo nilikuwa naziazima kwenye maktaba ya mtandaoni kwa saa moja moja, muda ukiisha naazima tena. Kama una simu tu, jiandae kuumiza macho, maana tanbihi zina herufi ndogo na ndizo zenye utamu. Tafuta kompyuta.

Strahan alikuwa mchapaji, yaani mwenye mitambo ya kupigia chapa, lakini ndiye pia aliyekuwa daraja kati ya Johnson na wauza vitabu wa London, ambao enzi hizo ndio waliokuwa wachapishaji. Katika barua ile fupi Johnson anamwambia ana hadithi anayoiandaa, itahusu mwanamfalme wa Uhabeshi. Mahali pa jina la mwanamfalme pana kistari kitupu! Kisha anaingia kwenye bei. Anakumbusha mapatano yake na muuza vitabu Johnston, pauni 75 au gini 75 (gini moja ni pauni moja na shilingi moja) kwa kila juzuu na pauni 25 toleo la pili likitoka. Au achukue 60, mnunuzi apange mwenyewe idadi ya nakala za toleo la kwanza, halafu haki ya kukichapisha kitabu imrudie mwandishi. Au achukue 40 na abaki na nusu ya haki. Jumatatu usiku atakabidhi muswada, na usiku huohuo anahitaji pauni 30. Anaweka sahihi, anaandika tarehe, halafu chini kabisa anaongeza: nipatie hizo fedha ukiweza.

Hapo nilisimama kusoma. Nimewahi kupokea ujumbe wa namna hiyo saa tano usiku kutoka kwa mwandishi ambaye mchana wake tulikuwa tumejadili sura ya tatu kana kwamba hana shida yoyote duniani. Mtu anakueleza mambo ya kazi vizuri kabisa, kwa mpangilio, na shida yake inakuja mwishoni kwa maneno machache kwa sababu ndiyo inayomuuma.

Barua zimepangwa kwa tarehe, na huo ndio uzuri mkubwa wa toleo hili. Jirani na barua ya Strahan kuna nyingine ya tarehe ileile, kwenda Lichfield kwa mama yake, Sarah Johnson. Anamwita mama bora kuliko wote na anamwomba radhi kwa yote aliyomkosea. Takriban miaka 20 alikuwa hajakanyaga kwao. Mama alizikwa tarehe 23 bila yeye kuwepo. Boswell, aliyeandika maisha yake, anasema kitabu kiliandikwa ili kulipia mazishi. Ukizisoma barua hizi mbili pamoja unaona alianza kuhangaikia fedha mama akiwa bado hai kwa kadiri alivyojua yeye. Kwangu mimi hilo linauma zaidi.

Si kila mahali ni huzuni. Rudi nyuma hadi tarehe 1 Novemba 1751, wakati kamusi yake ya Kiingereza imechelewa sana. Mkataba wa 1746 ulikuwa wa gini 1,500 na aliahidi miaka mitatu, ilitoka 1755. Wenye fedha wanambana, naye anamjibu Strahan kama jemadari: ngome yake haitatekwa maadamu ana uwezo wa kuilinda. Mhariri yeyote aliyewahi kufukuzana na mwandishi atatambua sauti hiyo.

Juzuu ya tatu, ya 1777 hadi 1781, ndiyo ninayoirudia zaidi. Humo mmejaa vikaratasi vya kwenda kwa John Nichols, mchapaji wa zile tahakiki zake za washairi 52 wa Kiingereza. Johnson aliomba gini 200 tu, na watu wa wakati wake walisema angeomba hata 1,000 angepewa. Vikaratasi vyenyewe vinazungumzia prufu (kurasa za majaribio za kusahihishwa), vitabu vya kuazima, sura iliyokwisha. Mwezi Julai 1778 anamjulisha Nichols kwamba sura ya Cowley imekamilika na imerefuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumchambua mshairi huyo kwa makini. Kazi iliyokusudiwa iwe dibaji fupifupi za mashairi yao ilikuwa inakua mikononi mwake, na unaiona ikikua.

Upungufu: unasoma upande mmoja tu. Majibu ya Strahan na Nichols hayamo, na mara nyingi nilitamani kujua fedha zilijibiwaje. Kiingereza chake nacho kinahitaji subira. Kurasa za mwanzo za juzuu ya kwanza unaweza kuziruka.

Nimezipa nyota nne kati ya tano. Anza na Januari 1759, kisha nenda moja kwa moja kwenye barua ile ya Cowley. Johnson ana karibu miaka 70, jina lake linajulikana kila kona, na bado anamwomba mchapaji wake amkusanyie kurasa za washairi Denham, Butler na Waller, azijalidi kwa nusu ngozi kiwe kitabu kidogo, apate cha kuwaonyesha rafiki zake.