Hilux yako: tairi za A/T au M/T?
Hilux nyingi zinazovaa tairi za 265/65R17 huishi maisha mawili: lami siku za kazi, vumbi na changarawe mwisho wa wiki. Kwa maisha hayo mimi nachagua A/T (all-terrain, tairi za njia mchanganyiko). Kashata zake, yaani vipande vya mpira vinavyoshika ardhi, zimekaribiana, kwa hiyo hushika vizuri zaidi kwenye lami yenye maji, hazivumi sana, na gari halili mafuta mengi kama likivaa M/T (mud-terrain, tairi za tope).

M/T zina kashata kubwa zilizoachana. Tairi ikizunguka, tope linarushwa nje na kashata zinauma tena ardhi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, A/T hujaa tope zikawa kama kipara, na hapo utamtafuta mwenye trekta. M/T zitakuvusha, ingawa si kila mara.

Lakini Dar hadi Dodoma juu ya M/T! Mvumo unachosha, breki kwenye lami iliyolowa zinataka umbali zaidi, na kashata huisha upesi.

Ukinunua mtumba, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo ulio ubavuni mwa tairi, ujue ilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Kashata nene hazifichi uzee.