Krosi ya kardani ya kuunganisha 1330 na 1350: vipimo kwanza, ununuzi baadaye

Ndugu watazamaji, karibuni tena hapa Lubumbashi. Leo ninachambua krosi ya kardani (kiungo chenye umbo la msalaba kwenye ncha ya kardani, yaani mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ponti) ya kampuni ya Spicer yenye namba 5-460X, ambayo imetengenezwa kwa kazi moja tu, nayo ni kuunganisha kardani ya mfululizo wa 1330 na yoki (uma wa chuma unaoishika krosi) ya mfululizo wa 1350; namba hizi ni majina ya makundi ya vipimo. Wanaobadilisha giaboksi au ponti (ekseli) ya nyuma kwenye pikapu za Kimarekani huihitaji mara kwa mara, kwa kuwa ponti iliyotolewa kwenye gari jingine huja na yoki yake, na mara nyingi yoki hiyo haikubaliani na kardani iliyomo garini.

Itazameni kwa karibu. Vikombe hivi viwili vinavyoelekeana, yaani vifuniko vya ncha za krosi, vina kipenyo cha milimita 27, ilhali hivi vingine viwili vina milimita 30.2. Tofauti ni milimita tatu na kidogo, na krosi ikishapakwa grisi na vumbi letu jekundu, jicho haliwezi kuitambua. Lakini nikiweka kalipa kutoka mwisho wa kikombe hadi mwisho wa kikombe cha upande wa pili, napata milimita 92.1 kwa jozi zote mbili.

Hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha zao. Mtu hupima urefu, akaona ni ule ule, akanunua krosi ya kawaida ya 1350 kisha ikakataa kuingia kwenye kardani ya 1330. Mwingine hufanya kinyume chake: hupima kikombe, akapata milimita 27, akadhani ameshamaliza, kumbe 1310 na 1330 zina kikombe cha kipenyo kimoja ingawa urefu wa 1310 ni milimita 81.8 tu. Mambo huendelea hivyo hivyo kwenye krosi kubwa zaidi, kwani 1410 ina kikombe sawa na cha 1350 lakini urefu wake ni milimita 106.4, nayo 1480 ina urefu huo huo wa 106.4 huku kikombe chake kikiwa milimita 34.9. Kila moja inafanana na jirani yake kwa kipimo kimoja, na kwa sababu hiyo kipimo kimoja hakitoshi kamwe.

Ninawasihi pia mpime yoki zenyewe, msitegemee krosi ya zamani peke yake, maana huenda aliyetangulia alilazimisha isiyofaa. Kwenye yoki ya ponti inayofungwa kwa yubolti (bolti yenye umbo la U), pimeni nafasi iliyo kati ya vile vinundu viwili vinavyozuia vikombe visitoke nje. Kwenye yoki ya kardani yenye klipsi za nje, pimeni kati ya mifereji ya klipsi. Zipo pia kardani, hasa za magari ya General Motors, ambazo zilitoka kiwandani bila klipsi yoyote, vikombe vikiwa vimeshikiliwa na nailoni iliyopigwa ndani kupitia tundu dogo. Hizo huhitaji kupashwa moto hadi nailoni iyeyuke, na krosi yake mpya hufungwa kwa klipsi za ndani.

Sasa tufike kwenye kufunga. Ndani ya kikombe kuna sindano nyembamba, yaani vijiti vya chuma vya beringi, zilizojipanga ukutani, zikishikiliwa na grisi tu. Sindano moja ikianguka na kulala chini ya kikombe, kikombe hakifiki mwisho na mfereji wa klipsi hauonekani wote. Fundi akiona hivyo asiongeze nguvu ya nyundo. Akitoe kikombe, aipange sindano upya, aongeze grisi, kisha akisukume kwa jiriwa ya meza akiwa ameinua krosi iingie ndani ya kikombe taratibu. Krosi ikishakaa lazima izunguke kwa mkono pande zote bila kukwama. Nati za yubolti nazo zina kipimo chake cha kukazia: kwa 1330 ni takriban Nm (nyutoni-mita) 19 hadi 23, na kwa 1350 ni takriban Nm 27 hadi 33. Ni nguvu ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na anayekaza kupita hapo hukibonyeza kikombe hadi sindano zikose nafasi ya kuzunguka.

Baada ya kubadilisha ponti, hakikisheni pia kwamba yoki mbili za kardani zimekaa kwenye mstari mmoja na kwamba pembe ya mbele na ya nyuma zinalingana, la sivyo gari litatetemeka hata kama krosi ni mpya.

Maoni yangu ni haya. Bidhaa hii ninaipenda, nayo ni salama kuliko ule utaratibu wa kuviringisha bati kwenye kikombe kidogo ili kijaze yoki kubwa, jambo ambalo ninalipinga kwa moyo wangu wote, kwa sababu bati hulegea, na kardani ikikatika kwenye barabara ya Likasi inaweza kuwaua watu. Hata hivyo, nguvu yake ni ile ya upande wake mdogo, yaani 1330. Kwa pikapu ya matumizi ya kawaida, inatosha kabisa. Kwa anayebeba mizigo mizito kila siku kuelekea Kolwezi au Kasumbalesa, ningemshauri ajenge kardani yenye ncha za 1350 na anunue krosi ya kawaida ya 1350, yenye vikombe vinne vinavyolingana.