Uzoefu wangu na mkoba wa gofu wa bei nafuu: vyuma vya zamani, draiva iliyosahauliwa na mipira ya duka la jumla

Mkoba ninaouandikia tathmini hii una vyuma (fimbo zenye kichwa cha chuma, ambazo namba ikiwa ndogo mpira huenda mbali zaidi) vya Ping Eye 2 vilivyotumika, kuanzia namba tatu hadi weji, yaani fimbo ya mapigo mafupi ya juu, draiva (fimbo ya kupiga mbali) ya Nike ya mwaka 2013, pata (fimbo ya kuusukuma mpira shimoni) ambayo nembo yake imefutika, weji moja mpya ya bei ya chini, na mipira ya Kirkland Signature ambayo binamu yangu hunitumia kutoka Waltham, mji wa Massachusetts wenye Waganda wengi kiasi kwamba hapakosekani mtu anayesafiri kuja Kampala na nafasi kidogo katika sanduku lake. Nimecheza na vifaa hivi kwenye viwanja vya Kitante, Entebbe, Kigo na Jinja, hapa Uganda, wakati wa mvua na wakati wa jua, nikiwa na handikapu, yaani kipimo cha uwezo, ya mchezaji wa kawaida wa mwisho wa wiki. Gharama ya mkoba mzima haikufikia bei ya draiva moja mpya ya kampuni kubwa, ambayo kule Marekani huuzwa takriban dola 600, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili za Uganda kabla ya nauli na ushuru.

Ninaandika kwa sababu wachezaji wanaoanza huniuliza kama inawezekana kucheza kwa heshima bila kununua majina yanayotajwa kwenye baraza la klabu baada ya mchezo. Heshima ya mchezo inawezekana kabisa. Heshima ya baraza ni jambo jingine. Afande mmoja mstaafu, ambaye mimi naye huzungumza Kiswahili tangu tupeane mikono, aliviona vyuma vyangu mara ya kwanza akaniuliza mbele ya watu, "Kijana, hivi umevitoa pale Kira Road, makumbushoni?" Tulicheka wote, kwani alisema kwa upendo. Lakini nilitambua kwamba katika mizaha ya namna hiyo, ambayo husikika kila Jumamosi, hakuna anayeuliza kama fimbo zinalingana na urefu wa mtu au na kasi ya mkono wake. Swali ni la mwaka na nembo tu, na muulizaji mara nyingi ana mipini migumu iliyotengenezwa kwa ajili ya vijana wenye nguvu, huku mipira yake ikienda kulia kila mara.

Nianze na vyuma, kwa kuwa ndivyo vilivyonifundisha mengi. Karsten Solheim, mwanzilishi wa Ping na mhandisi aliyewahi kufanya kazi kampuni ya General Electric, alianza kutengeneza pata mwaka 1959, na baadaye akaendeleza wazo la kuusogeza uzito wa kichwa cha fimbo kutoka katikati kwenda kwenye kingo zake, ili kichwa kisipinduke sana pale mpira unapogongwa pembeni. Eye 2 zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikiwa na wazo hilo, na karibu kila seti inayouzwa leo kwa wachezaji wa ridhaa inalifuata. Kwa hiyo mtu anayenunua mtumba wa namna hii anapata ubunifu uleule wa msingi. Nilivinunua kwa shilingi 900,000 kutoka kwa mgeni aliyekuwa akimaliza mkataba wake wa kazi na kurudi kwao, na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo njia bora ya kununua vifaa Kampala: wageni huondoka, mizigo ya ndege ina kikomo, na wabeba mikoba wa klabu hujua mapema nani anafungasha.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi nalo ndilo linalowafanya wenye vyuma vipya wajione wameendelea. Uso wa fimbo namba saba ya Eye 2 umelala kwa zaidi ya digrii 34, ilhali namba saba nyingi za siku hizi zina digrii 30 au chini ya hapo na mipini mirefu kidogo, hivyo hupeleka mpira mbali zaidi. Mwenzangu anapojivunia kwamba namba saba yake inamfikisha mahali ambapo mimi nahitaji namba tano, ukweli ni kwamba tunatumia pembe zinazokaribiana na kilichotofautiana ni tarakimu iliyochongwa chini ya kichwa. Sisemi kwamba hakuna maendeleo yoyote. Vyuma vipya huurusha mpira juu kwa urahisi zaidi licha ya uso ulionyooka, na mtu mwenye kasi ndogo atafaidika. Hata hivyo, mchezaji akitaka kulinganisha vyuma viwili, alinganishe digrii na urefu wa mpini, kisha atazame ni seti gani humwachia pengo kubwa la umbali kati ya weji na namba tisa.

Jambo la pili ni nukta ya rangi iliyo kwenye kichwa. Ping hutumia rangi kuonyesha pembe iliyopo kati ya mpini na ardhi: nyeusi ni ya kawaida, nyekundu imelala zaidi, buluu imesimama zaidi. Zangu ni nyeusi na zinanifaa. Mtu mrefu sana akinunua nyeusi kwa sababu tu bei ni nzuri, ncha ya kichwa itagusa ardhi kwanza, mpira utapotea upande, naye atailaumu bei kwa kosa la kipimo. Mtumba wa Ping una faida nyingine, kwamba kila seti ina namba ya mfululizo na kampuni huhifadhi kumbukumbu za vipimo vyake vya awali, hivyo mnunuzi anaweza kuuliza.

Wapo wanaodai kwamba vyuma hivi ni haramu kwa mashindano kwa sababu ya michirizi ya mraba iliyochongwa kwenye uso wake. Mzozo huo ulikuwepo kweli, kati ya kampuni na chama cha gofu cha Marekani, USGA, na makubaliano ya mwaka 1990 yaliruhusu fimbo zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Aprili mwaka huo ziendelee kutumika. Ndiyo maana mwaka 2010, kanuni mpya za kupunguza makali ya michirizi zilipoanza, mchezaji wa kulipwa Phil Mickelson aliweza kutoa weji ya zamani ya Eye 2 na kuitumia kwenye uwanja wa Torrey Pines, jambo lililozua maneno makali mpaka mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani yakaifungia njia hiyo. Huwa nalikumbusha hili barazani kwa furaha isiyofichika: kifaa cha makumbusho kilizuiwa kwa wachezaji wa kulipwa kwa kuwa kilikuwa na faida mno.

Draiva ni Nike VRS Covert, yenye kichwa chekundu kilichotobolewa kwa nyuma. Nike ilitangaza mwaka 2016 kwamba inaacha kutengeneza fimbo na mipira, na tangu hapo thamani ya vifaa vyake vilivyotumika ilishuka, ingawa chuma hakikubadilika hata chembe. Watu walewale wanaovaa kofia na fulana zenye alama hiyo huitazama draiva yangu kwa huruma. Kanuni zinaeleza kwa nini huruma hiyo haina msingi mkubwa: ukubwa wa kichwa cha draiva haupaswi kuzidi sentimita za ujazo 460, na uwezo wa uso wake kuusukuma mpira umewekewa kikomo ambacho viwanda vikubwa vilikuwa vimeshakifikia miaka mingi iliyopita. Mpira ukigongwa katikati kabisa, draiva yangu na ya mwaka huu hazipishani kwa kiasi ambacho mtu wa handikapu kama yangu angekiona. Zinapishana pale mpira unapogongwa karibu na kisigino cha kichwa (upande wa mpini) au ncha yake, na hapo nakiri kwamba draiva mpya hupoteza umbali mdogo zaidi na hubaki karibu zaidi na mstari. Mchezaji anayekosa katikati mara kwa mara, na mwenye fedha, ana sababu ya haki ya kununua mpya.

Hamu ya nembo imeleta balaa lake, nalo ni bidhaa bandia. Nimeonyeshwa draiva iliyonunuliwa kwa nusu ya bei, yenye rangi na maandishi yanayofanana kabisa na ya kampuni maarufu, ambayo sumaku ilinata kwenye uso wake kama kwenye mlango wa jokofu. Titani, madini ya uso wa draiva nyingi za kweli, haishiki sumaku. Parafujo au kipande cha uzito kilichofungwa chini ya kichwa kinaweza kuishika, hivyo ijaribu juu ya uso wenyewe na juu ya mpini unaodaiwa kuwa wa grafiti. Ninabeba kisumaku kidogo ninapokwenda kutazama mtumba, na wauzaji wengine hunitazama vibaya.

Mipira ndiyo sehemu ambayo bei ya chini imenishangaza zaidi. Mipira ya Titleist Pro V1, iliyoanza kuonekana kwenye mashindano mwaka 2000, bado ndiyo kipimo cha hadhi, na dazani moja hukaribia dola 55 kule inakotoka. Mwaka 2016 duka la jumla la Costco liliuza mpira wake wa Kirkland Signature wenye tabaka nne na gamba la yurethani, aina ya plastiki, dazani mbili kwa bei iliyo chini ya dazani moja ya Pro V1, na ikaisha madukani. Machi 2017 Costco ilifungua kesi mahakamani Seattle baada ya kupokea barua ya madai kutoka Acushnet, wenye Titleist, ambao makao yao yako Fairhaven, katika jimbo lilelile anakoishi binamu yangu. Acushnet nao wakashtaki, na mwaka 2018 pande hizo zikamalizana. Mpira unaouzwa sasa una tabaka tatu, nao ndio ninaoupokea.

Kanuni zinautaka kila mpira usizidi gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67, na kasi yake ya kutoka kwenye uso wa fimbo ina kikomo pia, kwa hiyo umbali hauwezi kuwa sababu ya kulipa maradufu. Tofauti ya kweli hujitokeza karibu na grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo. Gamba la yurethani ni laini, michirizi ya weji hulishika, na mpira hutua ukatulia. Mipira ya tabaka mbili yenye gamba gumu hutua na kuendelea na safari. Katika grini za Kitante zikiwa kavu niliiona tofauti hiyo wazi, na Kirkland ilitulia vizuri kabisa. Mvua inaponyesha na grini kulainika, hata mipira iliyookotwa kwenye majani na kuuzwa na vijana kwa bei ya soda hutulia, hivyo siku hizo huitumia bila kujutia inayozama kwenye kijito. Jinja, ambako kanuni ya kienyeji inayojulikana ilimruhusu mchezaji kuuinua mpira uliotumbukia katika unyayo wa kiboko, sioni kwa nini mtu aende na mpira wa shilingi elfu ishirini.

Weji mpya ya bei ya chini ndiyo pekee nisiyoipendekeza. Niliinunua ili kuilinganisha, kwa sababu jina lake lilikuwa geni na muuzaji alisifu sana, na jina silitaji. Rangi ya uso ilichubuka mapema, na hilo halina madhara. Michirizi kufifia baada ya kupiga mara kwa mara kwenye mashimo ya mchanga lilikuwa tatizo, na kichwa kulegea kwenye mpini lilikuwa tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa kichwa kinachochomoka kinaweza kumuumiza mtu. Fundi alikigandisha upya kwa gundi ya epoksi. Hapa ndipo msimamo wangu unapotofautiana na wa wale wanaosema kwamba vya bei nafuu vyote ni sawa: kifaa cha zamani kilichobuniwa vizuri ni salama kuliko kipya kilichoigizwa, hata bei zikilingana.

Fedha niliyoiokoa niliipeleka kwenye mishikio. Mishikio iliyotumika kwa miaka hukauka na kuteleza, na katika hewa ya Kampala yenye unyevu mtu huanza kubana mikono bila kujua, bega hukaza, na mzunguko mzima huharibika. Fundi alikata ya zamani, akabandika utepe wenye gundi pande mbili, akamwagia petroli ili mshikio mpya uteleze mahali pake, na siku iliyofuata fimbo zilikuwa tayari. Hakuna mabadiliko mengine yaliyonisaidia kwa gharama ndogo kama hayo, na barazani hakuna aliyeyaona. Mbeba mkoba wangu aliyaona kabla sijapiga mpira wa kwanza.

Wanaotumia mkono wa kushoto wanisamehe, kwani hesabu hii yote haiwahusu sana. Mtumba wao ni nadra kupatikana hapa, na rafiki yangu mmoja ameishia kuagiza seti mpya kutoka ng'ambo na kulipia nauli, baada ya kungoja muda mrefu mgeni wa mkono wa kushoto anayehama.